Tabano na Bei Yake: Kuzisoma Kanuni za Uchawi Zenye Utata katika Dungeons & Dragons

Katika kitabu cha wachezaji wa Dungeons & Dragons kilichotolewa mwaka 2014, hali ya kutoonekana imeelezwa kwa vifungu viwili. Cha kwanza kinasema kwamba kiumbe aliye katika hali hiyo hawezi kuonekana bila msaada wa uchawi au wa hisi maalumu. Cha pili kinasema kwamba anayemshambulia hurusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo, ilhali yeye mwenyewe anaposhambulia hurusha mbili na kuchukua iliyo kubwa. Sasa mchukue mchawi aliyetabana See Invisibility, tabano ambalo kwa saa nzima humwezesha kuwaona wasioonekana kana kwamba wanaonekana. Anamwona adui wake amesimama hatua chache mbele yake, anamwona mpaka vifungo vya koti lake. Je, akimfyatulia mshale, arushe dadu moja kama kawaida, au arushe mbili na kuchukua ndogo?

Aliyeketi mezani kwa mara ya kwanza atajibu kwamba ni moja, kwa kuwa kinachomponza mshambuliaji wa asiyeonekana ni kule kutomwona, na huyu anamwona. Lakini kisome tena kifungu cha pili. Hakisemi kwamba faida hiyo inatokana na kutoonekana, wala hakiweki sharti kwamba mshambuliaji awe hamwoni anayeshambuliwa. Kimesimama peke yake. Tabano la See Invisibility nalo halisemi popote kwamba linaiondoa hali ya adui. Linasema tu kwamba aliyelitabana anaona. Kwa usomaji wa herufi kwa herufi, basi, mchawi wetu anamwona adui waziwazi na bado anachukua dadu ndogo. Jeremy Crawford, aliyekuwa msanifu mkuu wa kanuni za toleo hilo, aliulizwa jambo hili hadharani akashikilia kwamba ndivyo maandishi yalivyo. Wengi walilicheka jibu lake. Mimi sikulicheka, ingawa mezani kwangu niliamua kinyume chake, na makala hii inaeleza kwa nini mtu anaweza kuyafanya yote mawili bila kujipinga.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, maelezo machache yatatosha. Dungeons & Dragons ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson huko Marekani. Watu huketi mezani. Mmoja huwa mwendesha mchezo, ambaye husimulia ulimwengu na kuwacheza maadui na wapita njia, na kila mmoja wa waliobaki humcheza mhusika wake. Mambo yasiyo na hakika huamuliwa kwa dadu ya pande 20. Yaliyobaki ni mazungumzo na kanuni. Sehemu nene zaidi ya kanuni hizo ni matabano: kitabu cha mwaka 2014 kina zaidi ya 300, na kila moja ni sheria ndogo inayojitegemea, yenye ngazi yake ya nguvu, umbali wake, muda wake, na aya moja au mbili zinazosema litafanya nini. Sehemu kubwa ya kanuni hizi iliwekwa huru mtandaoni Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo msomaji anayetaka kunisahihisha anaweza kuyafungua maandishi yenyewe bila kulipa chochote.

Utata wa matabano hayo haukutokana na uzembe. Toleo la nne la mchezo, la mwaka 2008, liliandikwa kwa istilahi zilizobanwa, kila neno likiwa na maana moja ya kifundi, na wachezaji wengi walilalamika kwamba uchawi umegeuka jedwali. Toleo la tano likachagua njia nyingine: kueleza kanuni kwa lugha ya kawaida, kama mtu anavyomweleza jirani. Naliunga mkono chaguo hilo mpaka leo, kwa maana nimewaona wageni wakilisoma tabano na kulielewa palepale bila kufungua faharasa. Gharama yake ni kwamba lugha ya kawaida hubeba maana nyingi kwa wakati mmoja, na anayetaka kushinda mabishano ataichagua ile inayomfaa usiku huo.

Turudi kwenye dadu mbili. Hoja ya upande wa herufi ina nguvu kuliko inavyodhaniwa, na nguvu yake inatoka kwa jirani. Lipo tabano jingine, Faerie Fire, la ngazi ya kwanza tu, ambalo huwapaka maadui mwanga, na aya yake inasema bayana kwamba aliyepakwa hawezi kunufaika na hali ya kutoonekana. Waandishi walewale, katika kitabu kilekile, walijua namna ya kuifuta faida hiyo walipotaka kuifuta. Walipofika See Invisibility hawakuandika maneno hayo. Mwanasheria yeyote angeshika hapo: kilichotajwa mahali pamoja na kuachwa mahali pengine kimeachwa kwa makusudi.

Isitoshe, usomaji huo haulifanyi tabano kuwa bure. Matabano mengi humtaka anayetabana amwone anayelengwa, kwa hiyo kuona peke yake kuna faida kubwa. Na pigo la ghafla dhidi ya adui anayetoka mbele yako linaruhusiwa tu ikiwa unamwona akiondoka. Mchawi wetu hajatupa nafasi yake ya uchawi ya ngazi ya pili, yaani moja ya nafasi chache za kutabana alizo nazo kabla ya kupumzika, kwa kitu kisicho na kazi.

Pamoja na hayo niliamua kwamba arushe dadu moja, na sababu yangu nayo imo katika maandishi. Sura ya mapigano ya kitabu hichohicho tayari ina kanuni ya jumla: anayemshambulia asiyemwona hupata hasara ya dadu mbili, na anayeshambuliwa na asiyemwona humpa mshambuliaji faida ya dadu mbili. Kifungu cha pili cha hali ya kutoonekana kinasema jambo hilohilo kwa maneno mengine. Ukikutana na kifungu kinachorudia kanuni iliyo kwingine, una njia mbili: ama ukichukue kuwa ukumbusho, kilichowekwa hapo ili mchezaji asihangaike kurudi sura ya mapigano, ama ukichukue kuwa kanuni mpya inayofanana na ya zamani kwa bahati tu. Kitabu kile kimejaa vikumbusho vya aina hiyo, na kwa hiyo nilichagua ya kwanza. Mpinzani wangu atasema kwamba sheria haidhaniwi kujirudia bure. Mahakamani yuko sahihi. Kitabu cha mchezo, hata hivyo, hujirudia kila ukurasa wa tatu, kwa kuwa kimeandikwa ili kisomwe vipandevipande, mkono mmoja ukiwa na dadu.

Kitabu kilichorekebishwa cha mwaka 2024 kiliumaliza mjadala huu kwa sentensi moja: ikiwa kiumbe fulani anaweza kukuona kwa namna yoyote, hupati faida hiyo dhidi yake. Lakini kitabu hichohicho kilifanya jambo la pili ambalo naliona lilikuwa la haraka mno. Kiliamua kwamba mhusika anayejificha kwa ustadi, bila uchawi wowote, kwa kurusha dadu na kufikia angalau 15, naye hupewa hali ya kutoonekana ileile mpaka agunduliwe, apige kelele, ashambulie au atabane kwa sauti. Hapo utata umehamia nyumba ya pili. Mwizi aliyejibanza nyuma ya nguzo, akachomoka na kuvuka ua mweupe mchana kweupe: je, walinzi sasa wanamwona kwa namna yoyote, au hali yake inaendelea kwa kuwa hakuna aliyerusha dadu kumtafuta? Na yule mchawi mwenye See Invisibility, ambaye sasa anawaona wote walio katika hali hiyo kana kwamba wanaonekana, je, anamwona mwizi aliyejificha kwa mwili wake tu? Kwa herufi, ndiyo. Kwa akili, tabano lililoundwa kushindana na uchawi linageuka darubini ya kuwasaka watu waliochuchumaa nyuma ya mapipa. Mezani kwangu halifanyi hivyo: pipa ni pipa, na anayechomoka nyuma yake akapita mbele ya macho ya watu ameonekana.

Katika mfano huo mmoja kuna aina mbili za utata ambazo huchanganywa mno. Kuna maandishi yaliyo wazi lakini yanaleta matokeo ya ajabu, na kuna maandishi yaliyonyamaza kabisa kuhusu jambo lililo mbele yetu. Zipo pia aina nyingine, hasa ile ya maandishi yanayomkabidhi mwendesha mchezo uamuzi kwa makusudi, ambayo nitaifikia. Mabishano mengi niliyoyasimamia yamekuwa marefu kwa sababu mtu alishika ufunguo wa mlango mmoja akang'ang'ania kuufungulia mwingine: akayasoma maandishi yaliyonyamaza kana kwamba yameruhusu, au akayasoma yaliyomwachia mwendesha uamuzi kana kwamba yamefunga mkono wake.

Kwa aina zote, swali ninaloanza nalo ni moja: tabano hili limenunuliwa kwa bei gani, na majirani zake wa bei hiyo wanafanya nini? Bei ni ngazi, ni muda, ni kama linamlazimu mtabanaji kushikilia umakini ili lisikatike, ni kama adui anapewa jaribio la kujinusuru, yaani kurusha dadu ili aliepuke. Usomaji unaolipatia tabano la ngazi ya kwanza nguvu ya ngazi ya saba ni usomaji mbaya hata kama kila neno lake linatetewa na kamusi.

Mfano wa haraka ni lile tabano la ngazi ya kwanza linaloumba maji, Create or Destroy Water. Linaumba mpaka galoni 10 za maji safi ndani ya chombo kilicho wazi. Haipiti miezi mingi kabla mchezaji mpya hajauliza kama mapafu ya adui ni chombo kilicho wazi. Si chombo, na hata yangekuwa chombo yamefunikwa na kifua. Lakini hata bila sarufi hiyo jibu lingekuwa lilelile, kwa kuwa kumuua mtu papo hapo bila jaribio la kujinusuru si bidhaa inayouzwa kwa nafasi ya ngazi ya kwanza popote katika kitabu. Sitaki kulijadili zaidi.

Magic Missile ni gumu zaidi, kwa kuwa pande zote mbili zina maandishi. Tabano hili la ngazi ya kwanza huumba mishale mitatu inayong'aa, kila mmoja ukiumiza kwa dadu ya pande nne na kuongeza moja, na aya yake inasema mishale yote hupiga kwa wakati mmoja. Kwingineko kitabu kinaagiza kwamba tabano linapoumiza walengwa zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, dadu za madhara zirushwe mara moja kwa wote. Je, mishale mitatu itumie dadu moja, au kila mshale dadu yake? Kwa kawaida swali hilo halina uzito, kwa maana wastani ni uleule, madhara 10 na nusu. Linapata uzito mchawi wa tawi la uchawi wa kurusha nguvu anapofika ngazi ya 10 ya uzoefu wake, anaporuhusiwa kuongeza nyongeza ya akili yake kwenye urushaji mmoja wa madhara. Akiwa na nyongeza ya 5, dadu tatu tofauti zitampa wastani wa 15 na nusu. Dadu moja inayohesabiwa kwa mishale yote itampa 25 na nusu, bila kukosea shabaha na bila adui kupewa jaribio lolote, kwa nafasi ya ngazi ya kwanza.

Hapa wenzangu wengi huishia kwenye hesabu na kukataa. Mimi nilikubali dadu moja, lakini kwa sharti kwamba mishale iwe imegawanywa kwa walengwa zaidi ya mmoja, kwa sababu ndivyo kanuni ya urushaji mmoja inavyosema: inahusu walengwa zaidi ya mmoja. Anayeielekeza yote mitatu kwa adui mmoja anarusha dadu tatu. Najua usomaji wa dadu moja kwa kila hali una watetezi wengi, na najua wangu unaleta kituko kidogo, kwamba kuwapiga wawili kunaleta madhara mengi kwa jumla kuliko kumpiga mmoja. Hata hivyo ndio usomaji pekee nilioweza kuusoma kwa sauti mbele ya mchezaji, kidole kikiwa juu ya mstari.

Jambo lililonifikirisha zaidi katika toleo lile lote ni swali la uwezo usio tabano: je, ni uchawi au si uchawi? Tuseme mchawi mkubwa ametabana Antimagic Field, tabano la ngazi ya nane linalomzungushia duara la nusu kipenyo cha futi 10 ambamo uchawi wote hunyamaza. Joka jekundu lililokomaa linafumbua kinywa na kumwaga moto wa dadu 18 za pande sita. Je, moto unafika? Joka ni kiumbe wa kichawi kwa kila maelezo. Kwa vipimo vya maumbile, mnyama mzito namna hiyo asingeruka hewani sembuse kutema moto. Kwa hiyo wachezaji wengi hudhani moto utazimika ukingoni mwa duara.

Mkusanyo rasmi wa majibu ya kanuni, uitwao Sage Advice, ulijibu kwa kutenganisha uchawi wa aina mbili. Upo uchawi ulioenea katika ulimwengu wa mchezo wote, ambao ni sehemu ya maumbile ya viumbe wengi, na upo uchawi uliokusanywa na kuelekezwa, kama ule ulio ndani ya tabano au chombo cha kichawi. Antimagic Field hugusa ule wa pili tu. Ili kujua uwezo fulani uko upande gani, mkusanyo unatoa maswali: je, ni chombo cha kichawi? Je, ni tabano, au unaleta matokeo ya tabano lililotajwa katika maelezo yake? Je, ni shambulio la tabano? Je, unalipiwa kwa nafasi za uchawi? Je, maelezo yake yenyewe yanasema ni wa kichawi? Jibu moja la ndiyo linatosha. Moto wa joka hauna hata moja, na kwa hiyo unapita.

Kipimo hicho nakiheshimu kwa sababu mchezaji anaweza kukitumia mwenyewe bila kuniuliza, lakini angalia kinawafanyia nini paladini, shujaa mtakatifu, na druidi, kuhani wa maumbile. Druidi anayejigeuza mnyama anazuiwa ndani ya duara, kwa kuwa aya yake inasema anajigeuza kwa uchawi. Paladini wa mwaka 2014 anayeongeza nguvu ya kimungu kwenye pigo la upanga anazuiwa pia, kwa kuwa anailipia kwa nafasi ya uchawi. Paladini huyohuyo akimwekea mwenzake mikono ili kumponya, anaponya, kwa kuwa aya ya uwezo huo inazungumzia mguso uliobarikiwa na hazina ya nguvu ya uponyaji, na neno la uchawi halimo. Mungu mmoja, mkono mmoja, na majibu mawili tofauti kwa sababu ya kielezi kilichoandikwa hapa na kuachwa pale. Je, mwandishi alikusudia hivyo? Nina shaka. Sidhani aliyeandika aya ya kuponya alikuwa na Antimagic Field akilini, wala simlaumu.

Hata hivyo nilikifuata kipimo mpaka mwisho, kuponya kukaruhusiwa, na sababu ni tofauti na ile ya See Invisibility. Pale maandishi yalikuwa na njia mbili, nami nikachagua. Hapa maandishi yamenyamaza, kipimo kimetolewa ili kuujaza ukimya huo, na thamani ya kipimo cha namna hiyo iko katika kutochaguachagua. Nikianza kusema kwamba uponyaji unaonekana wa kichawi zaidi kuliko moto wa joka, nimerudi kwenye hisia, na mchezaji wa paladini hataweza tena kupanga mbinu zake kabla hajanitazama usoni. Kitabu cha mwaka 2024 kimeligeuza lile pigo la kimungu kuwa tabano kamili, na kwa hiyo swali lake limeisha, ingawa sasa paladini anaweza kuzuiwa na adui anayejua Counterspell, tabano la kuzuia matabano ya wengine, jambo ambalo mapaladini ninaowajua hawajalisamehe.

Wanaosoma sheria watakuwa wamekwisha kuona kwamba tunatembea njia iliyokwisha kukanyagwa. Mwaka 1584, katika kesi ya Heydon, majaji wa Uingereza waliweka mwongozo ambao mahakama za Kenya, Uganda na Tanzania ziliurithi pamoja na sheria nyingine za Kiingereza: msomaji aulize ni kasoro gani iliyokuwapo kabla ya sheria, na ni tiba gani Bunge liliikusudia. Naupenda mwongozo huo, lakini mezani una upungufu mmoja. Bunge huacha kumbukumbu za mijadala. Mwandishi wa tabano hatuachii kumbukumbu. Anatuachia ngazi, muda na umakini. Ndiyo maana nikasema bei. Katika mchezo, bei ndiyo ushahidi pekee wa nia ulioandikwa ndani ya sheria yenyewe.

Wengine watasema ushahidi upo: mwulize mwandishi. Desturi hiyo ni ya zamani, kwani safu ya Sage Advice ilianza katika jarida la Dragon mwaka 1979, na katika zama za toleo la tano Crawford alikuwa akijibu maswali kwenye Twitter kwa sentensi moja moja. Kwa muda majibu hayo yalichukuliwa kuwa rasmi. Baadaye kampuni inayouchapisha mchezo ikabadilisha msimamo na kusema kwamba yaliyo katika mkusanyo ndiyo rasmi, na mengine ni ushauri. Naliona badiliko hilo kuwa la haki. Mwandishi anayeulizwa saa nne usiku kuhusu sentensi aliyoiandika miaka mitano iliyopita huisoma kama msomaji mwingine yeyote, tofauti ikiwa tu kwamba hakuna anayethubutu kumbishia. Jibu lake kuhusu kutoonekana lilinisaidia kuelewa maandishi yanasema nini, lakini halikunilazimisha kukubali kwamba ndivyo inavyopaswa kuchezwa.

Sasa ile aina niliyoiahidi. Suggestion ni tabano la ngazi ya pili. Mtabanaji humwambia kiumbe anayemsikia na kumwelewa afanye jambo fulani, na akishindwa kujinusuru, hulifuata kwa muda unaofika saa nane. Maandishi ya mwaka 2014 yaliweka sharti kwamba pendekezo lisemwe kwa namna itakayolifanya lisikike kuwa la busara, na yakakataza mambo ya wazi ya kujidhuru, kama kujichoma mkuki. Busara kwa nani? Kwa anayeambiwa, kwa mtu wa kawaida, au kwa mwendesha mchezo ambaye ndiye anayemcheza mlinzi wa lango na hataki mlinzi huyo aondoke?

Waendesha wengi niliowahi kucheza nao walilibana tabano hili mpaka likakosa pumzi. Pendekezo lolote ambalo mlinzi asingelikubali bila uchawi lilikataliwa kwa kuwa si la busara, kana kwamba mtu hununua uchawi ili kumshawishi mwenzake afanye alilokuwa tayari kulifanya. Jibu lilikuwa ndani ya aya yenyewe, katika mfano wake: mtabanaji anaweza kumwambia shujaa wa farasi ampe ombaomba wa kwanza atakayekutana naye farasi wake wa vita. Hakuna shujaa mwenye akili timamu afanyaye hivyo. Mfano huo unatuonyesha kwamba sharti linahusu namna ya kusema, si ukubwa wa jambo, na kwamba kizingiti kiko chini sana. Kanuni inapotoa mfano, mfano ni sehemu ya kanuni, na mara nyingi ndio sehemu iliyo wazi kuliko zote.

Kwa sababu uamuzi umeachwa mikononi mwangu, na mimi ni mshindani katika jambo hilohilo, nimejiwekea kipimo cha upande wa pili. Kabla sijakataa pendekezo la mchezaji, najiuliza: mchawi wa adui angemwambia mhusika wa mchezaji huyu maneno yaleyale, ningeyapitisha? Nikiona ningeyapitisha, mlinzi anaondoka langoni. Pia namtaka mchezaji aseme sentensi yenyewe kwa kinywa cha mhusika wake badala ya kunieleza kwa jumla anachotaka kitokee, kwa kuwa maandishi yanapima maneno, na hatuwezi kuyapima maneno ambayo hayajasemwa. Sage Advice unaongeza jambo dogo linalosahaulika: maneno ya kutabana ni tofauti na pendekezo, nayo hutangulia. Kwa hiyo anayedhani atamrubuni mfalme mbele ya baraza lake bila mtu kushtuka atasikika kwanza akitamka maneno ya kichawi yasiyofanana na salamu yoyote.

Toleo la mwaka 2024 limeliondoa neno la busara. Sasa pendekezo lisizidi maneno 25, lisikike kuwa jambo linalowezekana, na lisihusishe jambo ambalo kwa wazi litamdhuru anayeambiwa au wenzake. Mfano mmojawapo wa kitabu unamwambia adui aache kupigana, aondoke kwa amani na asirudi. Kwa nafasi ya ngazi ya pili, hiyo ni bei ya chini kwa kumwondoa adui mkuu vitani, na ndipo kipimo changu cha bei kinapogongana na maandishi yaliyo wazi. Maandishi yameshinda. Kilichobaki ni umakini: mtabanaji akipigwa na kuupoteza, adui anageuka na kurudi, na maadui wenye akili wanajua ni nani wa kumpiga. Kuhusu yale maneno 25, tunaocheza kwa Kiswahili tunafaidi kidogo, kwa kuwa kitenzi chetu kimoja hubeba sentensi nzima. Nimeamua kutowahesabia wachezaji wangu, mradi waseme kwa pumzi moja.

Limebaki Counterspell, ambalo halina utata katika aya yake bali katika kile kinachotangulia. Tabano hili la ngazi ya tatu huzuia tabano la mwingine wakati analitabana, kwa mwitikio wa papo hapo, yaani kitendo cha kujibu hata nje ya zamu yako, mradi unamwona akifanya hivyo ndani ya futi 60. Je, unajua anatabana nini? Kitabu cha mwaka 2014 kilikaa kimya. Xanathar's Guide to Everything, kitabu cha nyongeza cha mwaka 2017, kilitoa kanuni ya hiari: unaweza kutumia mwitikio wako kulitambua tabano, kwa kufikia 15 pamoja na ngazi ya tabano hilo. Lakini kila mtu ana mwitikio mmoja kwa raundi, kwa hiyo aliyetambua hawezi tena kuzuia. Labda mwenzake atambue na ampigie kelele, na hapo linazuka swali jingine, kwa kuwa kanuni zinazungumzia maneno mafupi ya mhusika katika zamu yake, na hii si zamu yake.

Nimeruhusu kelele ya neno moja. Zaidi ya hapo, mezani kwetu mwendesha hutangaza tu kwamba adui ameanza kutabana, kisha hunyamaza kidogo, na anayetaka kuzuia aseme kabla tabano halijatajwa jina. Wachezaji nao hufanya vivyo hivyo: husema kwanza kwamba wanatabana, nami huamua kama adui atazuia kabla sijasikia ni nini. Mara kadhaa adui zangu wamepoteza nafasi ya ngazi ya tatu kuzuia mwanga mdogo wa kuwashia mshumaa, na hakuna aliyewahi kuomba kanuni hiyo ibadilishwe.